Picha Mbili na Pazia Moja

Ninaandika kwa ajili ya mtu aliyetoka wodini akiwa hai, ndugu wakamshukuru Mungu kwa sauti, naye akabaki kimya akijiuliza mbona mambo hayajakaa mahali pake. Sitaeleza kiharusi ni nini. Madaktari walinieleza, nikaitikia kwa kichwa, na nilipofika nyumbani sikuweza kumweleza mtu mwingine hata nusu yake. Ninachojua ni nilichopitia, na hata hicho mke wangu Adventina hunisahihisha mpaka leo. Yeye anasema siku ile jua lilikuwa kali. Mimi nakumbuka matope. Basi tuache.

Kiharusi kilinikuta shambani kwetu Nshamba, msimu wa kuchuma kahawa. Nilikuwa nimeinamisha tawi kwa mkono wa kushoto ili nichume kwa mkono wa kulia. Tawi likanitoka. Nikalishika tena, likanitoka tena. Nikalikasirikia. Nakumbuka nililitukana kwa Kihaya, nikidhani linateleza. Adventina akaja kutoka upande wa migomba, akasimama.

"Ta Projest, mbona mdomo umekwenda upande?"

Nikamjibu aache mchezo. Yeye anasema sikujibu chochote, nilitoa mlio tu, halafu nikakaa chini taratibu kama mtu anayetafuta kiti.

Kosa la kwanza lilikuwa langu na silisukumi kwa mtu. Nilikuwa na dawa za presha ambazo nilizimeza nilipojisikia vibaya na kuziacha nilipojisikia vizuri. Adventina alinikumbusha, nikamwambia mwili ni wangu. Kweli ulikuwa wangu, lakini waliokuja kuubeba walikuwa wengine.

Siku za wodini mjini Bukoba zimechanganyika kichwani. Upande wa kushoto ulikuwa mzito. Chai ilitoka kwenye pembe ya mdomo bila mimi kujua, mpaka shati likalowa kifuani. Kabla ya kustaafu nilifanya kazi katika ghala la kahawa. Nilianza kwa kushona magunia, baadaye nikawa mtunza ghala. Mguu wangu ulikuwa kama gunia ambalo halijashonwa mdomo: ukiuinua huku, unamwagika kule.

Lakini jambo ninalotaka kulisema si mguu. Ni nyuso.

Nilipoanza kupata fahamu vizuri, watu walisimama pembeni ya kitanda na sikumjua hata mmoja. Si kwamba sikuona. Niliona macho, niliona pua, niliona mdomo, kila kitu mahali pake. Ila havikuungana kuwa mtu. Halafu mmoja wao akasema, "Tata, unanisikia?" na papo hapo akawa binti yangu Jovitha, mzima, kuanzia nywele hadi vidole. Alipofunga mdomo akaanza kuniponyoka tena. Nilidhani ni dawa. Nikajiambia yatapita, nikasubiri yapite.

Nilipotoka wodini tulirudi mara kwa mara kliniki. Wanaojua kliniki wanajua benchi. Unafika asubuhi ukiwa wa mbele, saa nne unagundua kuna wa mbele wengine waliokuwa wamekwenda kunywa chai. Siku moja mzee nisiyemfahamu alinipa punje mbili za kahawa ya kutafuna kutoka mfukoni mwake, kama tunavyofanya kwetu mgeni akifika nyumbani. Alipoona nashindwa kutafuna upande wa kushoto, akasema, "Hamishia kulia, waitu, meno ni ya pande zote." Hatukuulizana majina. Nilimkumbuka siku nyingi kuliko daktari.

Kwenye benchi hilo hilo Adventina alikwenda kunitafutia maji ya kumezea dawa. Nikaweka fimbo yangu kwenye nafasi yake isichukuliwe. Akaja mama mmoja, kitenge cha kijani, chupa ya maji mkononi, akataka kukaa.

"Samahani, waitu," nikamwambia kwa adabu. "Mke wangu anakuja kukaa hapo."

Yule mama akabaki amesimama. Watu wa benchi wakageuka.

"Anatoka wapi huyo mke wako?" akauliza.

Sauti ilikuwa ya Adventina. Nikaitazama ile sura kwa nguvu zangu zote, na bado ilikuwa sura ya mama wa benchini. Nikafanya jambo baya kuliko kutomjua. Nikacheka.

"Nilitaka nione kama utakubali kunyimwa kiti."

Benchi zima likacheka. Adventina naye akacheka, akanigusa begani kwa chupa. "Mzee huyu! Hata mdomo ukipinda, utani hauishi." Kesho yake alikuwa amelisimulia Hamugembe yote, mtaa anakoishi Jovitha, na wiki iliyofuata Nshamba.

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Mpaka sasa najiuliza niliogopa nini. Mguu haukunitia aibu, wala mdomo, wala kuogeshwa. Lakini kumwambia mtu kwamba sura ya mke wangu imenitoka, hilo nililiona kama kutangaza kichaa. Niliona kikao cha ukoo mbele yangu, mimi nimekaa kwenye kiti changu, na watu wanamuuliza mdogo wangu Gosbert: eti mzee anasemaje?

Nikaanza kuficha, na nilijishangaa kwa ustadi wangu. Kwetu salamu hufuata umri na undugu. Huwezi kumsalimia mtu vizuri kabla hujajua ni nani. Nikajifunza kuchelewa. Nilijifanya ulimi mzito, nikaacha wao waanze, nikishika sauti nikashika mtu. Asiyesema nilimwita "waitu," neno letu la heshima linalomfaa kila mtu, mkubwa na mdogo. Watu wakasema ugonjwa umenifanya mpole. Mchungaji alinisifu mbele ya watu kwa unyenyekevu, nami sikujua kama ni mchungaji mpaka alipoanza kuomba.

Adventina ndiye ambaye ujanja huu haukumfaa. Nilikuwa nimebaki kwa Jovitha, Hamugembe, ili niwe karibu na mazoezi, na yeye alirudi Nshamba kuangalia kibanja, shamba letu la migomba na kahawa. Kila baada ya siku kadhaa alikuja na mkungu wa ndizi. Ana desturi ya kuingia kimya, anaweka mzigo, anavua viatu, ndipo anasema. Zamani nilikuwa nikimwita kwa jina tangu yuko njiani. Sasa niliinua macho nikamtazama kama mtu anayesubiri mgeni aseme shida yake.

"Karibu, waitu."

"Siku hizi unaniita waitu kama mgombea udiwani," aliniambia mara moja. Alikuwa anatabasamu, nadhani. Hata tabasamu nilianza kutoliamini.

Mama wa mazoezi pale hospitali alisema mkono wa kushoto unahitaji kazi nyumbani. "Usiuache ukae kama mgeni," alisema. "Upe kitu cha kushika." Jovitha akanipeleka kwa jirani yake, Bi Zuhura, mwanamke wa mjini ambaye babu yake alitoka pwani na biashara zake, akaoa Bukoba na kubaki. Bi Zuhura anatengeneza mapambo ya ukutani kwa picha za zamani za familia. Chumba chake cha mbele kina harufu ya gundi na vanishi, na ukuta mzima unakutazama.

"Mzee wangu, unaweza nini?" akaniuliza.

"Kushona magunia."

"Basi umefika. Huku tunashona watu."

Kazi yenyewe ni hivi. Mteja analeta picha zake kuukuu, za harusi, za ubatizo, za studio. Picha yenyewe haiguswi na mkasi. Inapelekwa steshenari, inatolewa nakala kwenye karatasi nzito. Nakala inakatwa, inabandikwa kwenye plaiwudi, inazungushiwa fremu. Za kuning'iniza zinapigwa vanishi, nyingine zinafanywa vifuniko vya taa au trei. Fremu zake ni za namna mbili. Waliotangulia mbele ya haki anawazungushia olubugo, kile kitambaa cha gome la mti ambacho mababu zetu walivaa na ambacho mtu alizungushiwa kabla ya kuzikwa. Siku hizi kinaletwa kutoka upande wa Uganda. Walio hai anawafanyia msuko wa maganda makavu ya mgomba. Hakuanzisha yeye. Wateja wa Muleba ndio waliomfundisha, maana mara ya kwanza aliuza olubugo kama pambo tu, akarudishiwa.

"Chunga hapo hapo," alinionya. "Ukimchanganya aliye hai na marehemu, mteja hanirudishii mzigo peke yake. Ananirudishia na maneno."

Nilipewa sindano ya magunia, ile kubwa iliyopinda ncha. Mkono wa kulia uliikumbuka mara moja. Wa kushoto kazi yake ilikuwa kubana kona ya fremu isicheze, nao ulichoka katikati ya mshono na kona ikapinda. Kila fremu yangu ilipinda kona ya chini, kushoto. Bi Zuhura alizinyoosha jioni bila kunisema, akaniletea kahawa ya tangawizi. Mvua za vuli zilipoanza nilikuwa nashika kikombe. Senene, wale panzi tunaowala, walipoanguka, nikawanyofoa mbawa mwenyewe, polepole, Jovitha akanipiga picha ya simu kama mtoto aliyesimama dede.

Jambo la ajabu, na sijapata wa kunieleza, ni kwamba kule kwa Bi Zuhura nilijisikia mzima. Nyuso za wateja sikuzijua, lakini hakuna aliyetegemea nizijue. Niliambiwa huyu olubugo, huyu mgomba, nikashona.

Krismasi ikakaribia. Wahaya tunajulikana kwa kurudi nyumbani Krismasi. Hata aliyetupa jembe miaka mingi huonekana. Nikapata wazo la kumpa Adventina zawadi: ubao mmoja mrefu wa familia yetu kwa ajili ya sebule ya Nshamba, waliotutangulia upande wa kushoto, tulio hai upande wa kulia. Jovitha akafurahi mpaka akatoa machozi. Akaleta sanduku la bati la picha kutoka Nshamba bila mama yake kujua, akamwaga mezani.

"Tata, mimi hawa wa zamani siwajui. Wewe nitengee, nani na nani."

Nikabaki nao peke yangu. Ningeweza kumwita Gosbert. Ningeweza kumwambia Jovitha, omwana wange, hata mimi siwajui. Badala yake nikaanza kukisia, na kukisia kulinipa kiburi, kwa sababu wengi niliwapata. Baba nilimjua kwa kofia. Shangazi kwa baiskeli. Watoto kwa sare za shule. Zikabaki picha mbili za mwanamke mmoja mmoja, zilizopigwa studio moja mjini, nyuma yao pazia moja lililochorwa ziwa na ngazi za jumba. Nilikumbuka kwamba mama yangu alipigwa pale, na Adventina alipigwa pale mwezi alioolewa. Wote wawili wamesimama wima, gauni la mikono mipana, mkono juu ya redio ya studio. Moja ilikuwa imefifia. Nikasema iliyofifia ndiyo ya mama, kwa kuwa ndiyo ya zamani. Sikufikiria kwamba iliyofifia ni ile iliyokaa ukutani miaka mingi, kabla Jovitha hajapata akili, ikipigwa na jua kwa sababu niliipenda.

Nikaizungushia olubugo, na ile nyingine mgomba. Nilishona vizuri kuliko zote. Bi Zuhura hakuwa na la kunyoosha.

Tuliutundika jioni ya kuamkia Krismasi, Adventina akiwa jikoni na wake wa ndugu. Jovitha akaupiga picha, akaituma kwenye kundi la ukoo la WhatsApp, kisha tukaufunika kwa kitenge mpaka chakula cha Krismasi. Tukailalia furaha hiyo.

Kesho yake, baada ya ibada, tumekaa kula, simu ya Jovitha ikaita. Alikuwa Fortunata, mdogo wake Adventina aliye Mwanza. Analia. Jovitha akaweka sauti kubwa.

"Kwa nini mmenificha? Dada yangu amefariki lini? Mnaniambia kwa picha?"

Adventina alikuwa ameshika sahani ya ndizi. Akainama kwenye simu. "Fortunata, ni mimi hapa, nakusikia. Nani amekufa?"

"Wewe!"

Gosbert, ambaye hawezi kuacha utani hata msibani, akainuka akaenda ubaoni, akafunua kitenge, akavaa miwani, akashangaa kwa Kihaya kwa kumwita mama. "Mawe! Jamani, mama yetu amefufuka, yuko huku na walio hai, amevaa mgomba!" Akacheka. Kisha macho yake yakasogea kushoto, akaacha kucheka.

Adventina akaja akasimama mbele ya picha yake. Alikuwa na umri wa miaka ishirini pale, amezungushiwa olubugo, katikati ya baba yangu na shangazi yangu. Akaigusa kwa kidole. Wakati huo nilimjua, kwa sababu hakuna mwanamke mwingine aliyeinuka.

"Ta Projest," akasema, "umenizika lini?"

Nikaona watu wananitazama, nyuso ambazo sikuzijua hata moja, na nikatafuta utani. Kweli niliutafuta. Haukuja. Nikasema, "Nilikosea."

"Umekosea mke?"

Wanawake wakanong'ona. Mmoja alisema wazi kwamba mwanamume akimvalisha mkewe olubugo angali hai, ana lake moyoni. Adventina hakupiga kelele. Aligawa chakula mpaka kila mtu akashiba, akaosha vyombo, akafunga kitenge chake na nguo chache, akaenda kwao Maruku, kwa kaka yake. Akiondoka akaniambia neno moja tu. "Kwaheri, waitu."

Siku zile hadi mwaka mpya sizielewi vizuri. Nilikaa sebuleni. Gosbert alisema nimpe muda. Jovitha hakusema nami sana. Nilikuwa nikijiuliza swali ambalo halikuwa na maana: je, akirudi kimya kimya, akakaa hapa kwenye kiti, nitajua kwamba amerudi?

Mwishowe Jovitha akakodi gari, tukaenda Maruku. Yeye akabaki barabarani akielewana na dereva, mimi nikatangulia na fimbo. Uani wanawake walikuwa wamekaa kwenye mikeka wakipukuchua maharage. Wote vitenge, wote vitambaa kichwani. Nikatafuta kitenge cha kijani. Wawili walikuwa na kijani. Nikasubiri sauti. Walikuwa wamenikasirikia, hakuna aliyetoa sauti. Maharage tu yalikuwa yakidondoka kwenye nyungo.

Nikajua wananisubiri niende kwa mke wangu. Na nikajua kwamba nikienda kwa mwingine, basi.

"Nimekuja kumwomba msamaha Adventina," nikasema. "Lakini sijui ni yupi kati yenu."

"Mawe! Mmemsikia?" akasema mmoja, nadhani mke wa shemeji yangu. "Amemzika, na sasa kaburi limempotea!"

"Chagua tu, Ta Projest," mwingine akadakia. "Hapa sote tuko hai."

Wakacheka. Mimi sikucheka, nikaegemea fimbo. Nikawaambia yote pale pale nimesimama: wodini, nyuso zisizoungana, kungoja sauti, "waitu," sanduku la bati, pazia la studio. Niliwaambia kwamba hata sasa naona wanawake wanane au tisa na sina mke miongoni mwao mpaka mmoja aseme.

Kicheko kilikwisha. Akapita kuku, hakuna aliyemfukuza. Kisha mmoja wa mwisho kabisa, mwenye kitenge cha bluu ambacho sijawahi kukiona, akaweka ungo chini.

"Tangu lini?"

"Tangu wodini."

"Na benchini? Ile ya 'mke wangu anakuja kukaa hapo'?"

"Haukuwa utani."

"Na mimi nimewachekesha watu nayo miezi yote hii." Sikuweza kusoma chochote kwenye ile sura, ningesomea wapi? "Nilidhani umenichoka, Ta Projest. Nilidhani umeugua ukapata nafasi ya kunichoka bila kulaumiwa. Nikija na ndizi unanitazama kama nimeleta barua ya ofisi."

"Nilikuwa nakungoja useme."

"Na mimi nilikuwa nakungoja wewe."

Mke wa shemeji akaniletea kigoda. Nilidhani basi, tutarudi wote. Adventina akasema, "Leo siendi. Nimechoka. Nenda kwanza ukamwambie daktari, na Gosbert umwambie kwa mdomo wako. Ule ubao usiuguse mpaka nije."

Nilimwambia Gosbert. Hakufanya utani. Alisema tu, "Ndiyo maana siku ile ulinipa pole ya msiba wa mtu mwingine," na mpaka leo sikumbuki ni siku gani. Nilimwambia daktari. Alinisikiliza, akaandika kidogo, akasema jambo hilo hutokea, na linaweza kupungua au likabaki. Akauliza kwa nini sikusema mapema. Nyuma yangu benchi lilikuwa limejaa. Nikasema sijui, na ndiyo kweli.

Kwa hiyo wewe unayesoma haya, kama umetoka huko na kuna kitu hakirudi, sura, jina, njia ya kwenda chooni, herufi, sema. Mwambie wa karibu kwanza. Yeye naye amekaa anatafuta sababu ya ukimya wako, na atakayoipata peke yake itakuwa mbaya kuliko ugonjwa. Na wewe unayeuguza, ukiingia taja jina lako. Usione ni ujinga. Taja tu.

Adventina alirudi kabla ya masika. Nilikuwa sebuleni, nikasikia mzigo unawekwa, viatu vinavuliwa, halafu sauti mlangoni: "Adventina huyu." Hajaacha kusema hivyo mpaka leo, hata akitoka kuchukua chumvi.

Akakaa mbele yangu. "Leta ubao."

Nikafumua mshono wa olubugo mbele yake. Nilikuwa nimeukaza sana, ukachukua muda, na yeye hakunisaidia hata uzi mmoja. Kitambaa kilipotoka nikataka kukitupa kwenye kapu.

"Usikitupe," akasema. "Kiweke. Siku yangu ikifika utakitumia, ila wakati huo uwe na uhakika."

Mama yangu nikamrudisha kwa wenzake, kwenye olubugo lake jipya. Kisha nikachukua maganda ya mgomba, nikaanza kumshonea mke wangu fremu. Aliuliza picha hizo mbili zinatofautianaje kwangu. Nikamwambia hazitofautiani, ni wanawake wawili wenye redio moja. Akasogeza kiti. Akanisimulia siku ile ya studio: viatu vilikuwa vya kuazima, vinabana, mpiga picha alimkatalia kukaa, nami nilisimama nje dirishani nikimfanyia vituko acheke. Nilikumbuka dirisha. Nilikumbuka vituko. Yeye, pale ndani, hakuja. Mkono wa kushoto ukachoka, kona ikapinda, na hakukuwa na Bi Zuhura wa kuinyoosha.

Picha hiyo haiko ubaoni. Adventina aliitaka peke yake, na ana tabia ya kuihamisha: leo dirishani, kesho juu ya kabati, siku nyingine katikati ya picha za wajukuu. Ananijaribu. Juzi alikuja mgeni kutoka usharika wa jirani, akasimama mbele ya picha zetu, akauliza yule binti mrembo mwenye redio ni nani.

"Mke wangu," nikasema.

Adventina alikuwa anapita na kahawa. Akasimama. Alisubiri mpaka mgeni amekwenda.

"Umeniona?" akauliza polepole. "Uso umerudi?"

Nilitamani sana kusema ndiyo. Lakini huko nimeshatoka.

"Haujarudi. Nimeona kona ya chini, kushoto. Imepinda."

Akaichukua fremu, akaitazama, akaizungusha mikononi. Kisha akairudisha mahali pake.

"Basi usije ukainyoosha," akasema.